Glavu za Jua za Kisilu

Muthetheni,
Kaunti ya Machakos,
Kenya.

19 Februari 2026

Mpendwa dada yangu Mbithe,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu huku, na natumai zinakukuta ukiwa mzima, na goti lako limekubali ile dawa ya kupaka. Shemeji naye anaendeleaje? Uliniambia ameacha chumvi kwa hasira. Mwambie mimi nimeiacha kwa amri ya daktari na hasira ninayo vilevile. Afya yangu ni ya mtu wa umri wangu. Macho yananisomea gazeti mpaka saa kumi za jioni, baada ya hapo herufi zinaanza kusogeleana.

Mvua za vuli zilikuja kidogo zikaondoka. Mahindi ya shamba la juu yalinyauka yakiwa yamefika magotini, na ndengu ndizo zilizotuokoa. Jua limekuwa kali sana. Mimi na wewe tulikulia Molo, ambako hata Februari mama alitulazimisha kuvaa sweta asubuhi, na ingawa ni miaka mingi tangu nirudi huku kwa mababu, mwili wangu haujalizoea jua hili. Sokoni bado wananiita Mzee wa Molo. Nimeacha kuwasahihisha.

Nimechelewa kukujibu, na sababu si macho. Ulipopiga simu baada ya Krismasi uliniomba kitu kimoja cha marehemu Kisilu, kitu alichokivaa, na ukazitaja glavu ulizoziona kwenye picha akiwa juu ya pikipiki. Nikasema nitakutumia. Nilisema upesi kwa sababu ulikuwa unalia, nami sikutaka kulia kwenye simu. Leo naandika kukueleza kwamba glavu hizo hazitakuja, na kwa nini.

Haki ya kuomba unayo kuliko mtu yeyote. Tulipofukuzwa Molo kwenye ghasia za uchaguzi mwaka ule wa 2008, nyumba na vitabu vyangu vyote vikiwa majivu, ni wewe uliyemchukua mwanangu Kisilu ukamlea huko Morogoro mpaka nikapata pa kulaza kichwa. Alirudi akimwamkia kila mtu mzima shikamoo. Wenzake wa hapa walimcheka sana, na hakuacha mpaka mwisho.

Picha haikuonyesha glavu vizuri, kwa hiyo nikueleze. Nilikuwa naye siku aliyozinunua, mwaka juzi, soko la Tala. Glavu za mitumba huja zimechanganyika. Nyingi ni za nchi za theluji, nene kama godoro, na ya kulia husafiri katika robota moja na ya kushoto katika jingine. Kisilu alitaka za jua: kiganjani ngozi ya mbuzi, ambayo ni nyembamba lakini haichaniki upesi, na mgongoni kitambaa chenye vitundu vya kupitisha hewa. Alikuwa amebeba mfukoni mpira mkuukuu wa mshikio wa pikipiki. Kila glavu aliyoiokota aliivaa, akaushika ule mpira, akafumba macho.

Muuzaji anaitwa Kanini, mwanamke wa maneno. Akamuuliza, "Kijana, unanunua glavu ama unaomba Mungu?"

"Naangalia kama nitasahau nimezivaa, mama."

"Ukizisahau utazipoteza. Sawa, endelea kuomba, utarudi kununua zingine."

Tukiwa njiani alinieleza kwamba glavu haipimwi mkono ukiwa wazi, kwa sababu mkono wazi hudanganya. Unakunja vidole kama unayeshika mshikio, maana ndivyo utakavyokaa siku nzima. Isikubane kati ya gumba na kidole cha shahada. Isibaki na ncha tupu mbele ya vidole, itakayonasa kwenye breki. Na mshono usipite pale kiganja kinapozungusha mshikio wa mafuta, la sivyo utakuwa umekuchuna ngozi kabla hujafika Masii.

Zilikuwa ngumu, kwa kuwa zilikaa muda mrefu bila mkono. Wenzake wa stendi ya bodaboda huzipaka mafuta ya kupikia, lakini yeye alikataa, akasema mafuta yanalainisha ngozi na kisha yanakutelezesha siku usiyotaka. Alizilainisha kwa kupukuchua mahindi. Mahindi yalikuwa yametoka shambani wakati huo. Alikuwa anakaa kwenye kigoda kila jioni na glavu mikononi, anasukuma punje kwa gumba na kulizungusha gunzi kiganjani, mzunguko uleule wa kuongeza mwendo. Mkewe Mutheu alikuwa akipita na ndoo anamuuliza, "Daktari, mgonjwa anaendelea aje?" Naye anajibu, "Huyu meno yote yameisha. Lete mwingine."

Kabla ya gunia la pili kwisha, glavu zilikuwa zimechukua mkono wake. Ukizitundika zilibaki zimejikunja, kama zimeshika kitu.

Mwezi wa Julai alipotutoka ilikuwa baridi, na alikuwa amevaa zile nene. Habari za lori la mchanga unazijua, sitazirudia. Za jua zilibaki kwenye msumari barazani kwake, safi, bila doa. Miezi yote ile nilikuwa nikivuka ua asubuhi ninazitazama, kisha narudi kunywa chai.

Septemba, Mutheu aliipeleka pikipiki kwa fundi, ikanyooshwa uma wa mbele, akaanza kuiendesha yeye. Zamani, kabla ya kuolewa, alikuwa akishona nguo kule kwenye viwanda vya EPZ, Athi River, na wangemchukua tena, ila hakutaka kuwaacha watoto wawili wakue bila mzazi hata mmoja karibu. Nilimpinga wiki nzima. Kisha nikanyamaza, kwa sababu sikuwa na njia nyingine ya kumpa. Wanawake wanampenda, hasa wajawazito wanaokwenda kliniki, kwa kuwa hana mbio na hutaja kila shimo kabla ya kulifikia.

Lakini Januari viganja vyake vilianza kupasuka. Vilitoka malengelenge, yakapasuka, jua likavichoma palepale palipopasuka. Akawa anavifunga vitambaa vya leso. Siku moja, karibu kabisa na nyumbani, kitambaa kiliteleza kwenye breki, na pikipiki ikaingia kwenye ua wa minyaa wa jirani yetu. Nilisikia kishindo nikiwa na gazeti mkononi. Mbithe, sikujua kama miguu yangu bado inaweza kukimbia. Nilimkuta ameketi chini, mzima, akijifuta utomvu wa minyaa usimwingie machoni. Nilisimama tu pale nikihema. Niliona wazi nitamzika na huyu.

Ijumaa yake tukaenda Tala kumtafutia glavu. Sasa, unajua nthoni yetu. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mikono, hawaketi karibu, na maneno yao ni machache. Wengine kanisani wameilegeza. Nyumbani kwangu ipo, na sijawahi kuona ubaya wake. Ila jaribu kumchagulia glavu mtu ambaye huwezi kumgusa mkono. Ilibidi twende na jirani yetu Mbinya, akasimama katikati. Mutheu alikuwa upande mmoja wa rundo la Kanini, mimi upande wa pili.

"Mbinya, mwambie akunje vidole."

"Mutheu, mzee anasema ukunje vidole."

"Mwambie nimekunja."

"Mzee, amekunja."

"Naona. Mbele ya kidole kidogo pamebaki wazi?"

Kanini alitutazama, akauliza, "Na mimi bei nitamwambia nani?"

Nilicheka, dada. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Julai, na nikaona aibu mara moja. Hatukupata kitu. Mikono ya Mutheu ni midogo. Tulikuta za wanaume, za watoto, za theluji, na dukani zile mpya za plastiki zinazopika mkono kama kiazi. Tukarudi mikono mitupu.

Jumapili baada ya misa Mutheu alikuja kwangu na Mbinya. Alikuwa amebeba glavu za Kisilu. Aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, na akaongea nami mwenyewe, bila kumpitia mtu.

"Baba, hizi ni kubwa kwangu. Lakini mimi niko na mkono wa kushona. Nikifumua hapa kando ya vidole, nikate, nishone tena, zitanitosha. Sikutaka kukata kabla sijakuuliza."

Nilimwambia ukweli, kwamba nimemwahidi shangazi yake Kisilu.

Akaziweka mezani. "Basi zipeleke kwa shangazi. Mimi nitafunga leso vizuri." Hakusema kwa uchungu. Aliinuka akaenda kuinjika chungu cha muthokoi.

Mbinya alibaki. "Mzee, huyo shangazi akizipata, atazivaa?"

"Ataziweka."

"Wapi?"

"Kwenye sanduku, nadhani."

Alichukua kikombe chake akakisuuza, akaenda zake.

Nilikaa nazo mchana ule. Nilivaa ya kulia. Mkono wangu na wa Kisilu ulikuwa mmoja, mama alikuwa akisema hivyo tangu Kisilu akiwa mtoto mchanga. Uliingia bila kutafuta njia, na vidole vyangu vikajikunja kabla sijavikunja. Naomba unielewe. Ningeweza kuzificha nikakwambia zimepotea, na kwa saa nzima nilifikiria hivyo, si kwa ajili yako wala ya Mutheu, kwa ajili yangu. Kisha nikasikia pikipiki ikiwashwa. Mutheu alikuwa ameitwa kumpeleka mgonjwa, na alikuwa anafunga vitambaa vyake kwa meno.

Nilitoka mpaka katikati ya ua, nikamwambia, mimi mwenyewe, "Usiende na hivyo vitambaa. Mgonjwa apelekwe na Bonface wa stendi. Wewe kata glavu."

Alizikata barazani kwa wembe na mkasi mdogo. Alifumua kila uzi polepole kama anayemtoa mtoto mwiba. Kiganja hakukigusa. Alipunguza ubavuni mwa vidole na kwenye kifundo tu, akashona tena kwa uzi alioupaka nta. Sikuweza kutazama mpaka mwisho. Niliingia ndani nikafungua kitabu, na sijui kilikuwa kinasema nini.

Halafu zilihitaji kulainishwa upya, maana mishono mipya ni migumu. Tulikuwa na gunia la mwisho la mahindi ya mwaka jana, ambalo hata wageni tulikuwa tunawanyima. Akalitoa. Alikaa kwenye kigoda kile, na glavu mikononi, akapukuchua. Nami nilikaa ng'ambo ya ua, kama inavyotakiwa, nikapukuchua kwa mikono mitupu ili limalizike pamoja. Hakuna aliyepita na ndoo kumwita daktari na kuuliza hali ya mgonjwa.

Wiki mbili sasa anaziendeshea. Malengelenge yamekauka. Asubuhi namsikia akiondoka, na siwezi kusoma mpaka mlio upite kona ya shule.

Kwa hiyo hata nikizipata tena siku moja, Mbithe, hazitakuwa zile za kwenye picha. Mkono wa Kisilu umetoka ndani yake. Nimeruhusu mimi, na uchungu wako nauchukua bila kujitetea.

Vile vipande alivyovitoa, Mutheu hakuvitupa. Alivikusanya vyote, hata vile vyembamba kama jani la nyasi, akavifunga kwa uzi, akampa Mbinya aniletee na kusema ni vya shangazi. Vimo ndani ya bahasha ndogo iliyo pamoja na barua hii. Ni vya ubavuni, pale vidole vyake viliposuguana. Vina harufu ya petroli na ya vumbi la mahindi, na niliifunga bahasha siku ileile niliyovipokea ili harufu isipotee njiani. Sikubakiza hata kimoja.

Barua anakuletea Erastus, fundi wa pampu za maji anayekwenda Dodoma kupitia kwenu Morogoro. Mpe chakula, anapenda kula. Msalimie sana shemeji Mkude, na wanao Rehema na Abeli. Watoto wa Kisilu wanakusalimu, na mkubwa ameniagiza nikuambie ameng'oka jino. Mutheu anakusalimu pia. Hakunituma nikuombe radhi. Hilo nakuomba mimi.

Mungu akutunze huko ulipo, akupe usingizi mzuri, na atufikishe siku ya kuonana.

Ni mimi kaka yako ninayekupenda,

Nzioka