Orodha moja kwa wageni arobaini

Meisy, nimechoka. Hata nguvu ya kulia sina.

Ile programu niliyomtengenezea bosi, ya wageni wa harusi kuagiza chakula kwa simu, leo mchana ndiyo imeanza kazi. Mgeni wa kwanza kaongeza nguruwe wa pilipili kwenye orodha yake. Nguruwe akatokea kwenye orodha za wote. Wote arobaini!

Jikoni wakapakua walichoona. Wakampelekea Haji Mokoginta nguruwe, pale pale kwenye meza ya Waislamu. Haji, Meisy! Nguruwe!

Kosa ni langu. Badala ya kumuundia kila mgeni orodha yake tupu, niliunda moja tu nikawaelekeza wote humo humo. Mmoja akiongeza, kawaongezea wote. Na niliijaribu na mgeni mmoja tu, yaani mimi mwenyewe. Ikaenda vizuri kabisa.

Bosi kanitazama: "Vonny, nenda kamwombe radhi mwenyewe." Nikaenda, nimembebea wali na samaki.

Haji akaangalia sahani, akaniangalia mimi. "Binti yangu, hii ni yangu peke yangu, au tunakula wote arobaini?"

Meza nzima ikacheka. Nimerudi kurekebisha. Ni mstari mmoja wa programu, Meisy. Mstari mmoja tu.