Mlikuwa Watatu Mtumbwini

Mume wangu Chenge,

Hujaniamkia siku nyingi, ila marahaba yako ninayo. Wewe uko Magu unakula wali, mimi bibi yako, mkeo mzee, niko hapa mwaloni inakotia nanga mitumbwi, natafuna dagaa kwa fizi. Kuku wako ameangua. Dada yako Winnie ananiandikia, maana simu yangu hupokei tangu siku ile.

Siku ile ulisema kwenye simu, "Bibi, marehemu Yakobo alipenda sana sato wako wa kukaanga." Nikacheka. Tulipoagana ndipo neno likanikwama kooni kama mwiba.

Marehemu nani, mume wangu? Hapa Yakobo hajafa. Ulirudi na mtumbwi peke yako, ukasema umemshusha Ukerewe akatafute kazi. Mama yake, Evelina, bado anamwekea ugali. Kila Jumapili anafua shati lake na kulianika. Jana lilijaa upepo likanyoosha mikono, naye akaliitikia, "Karibu, baba."

Ulidhani mlikuwa wawili mtumbwini. Mlikuwa watatu. Mimi nimesikia neno moja tu. Mungu aliona mkono wako ulifanya nini, au ulikataa kufanya nini. Ameona, na bado anakupa pumzi.

Njoo, mjinga wangu. Nitakushika mkono mpaka mlangoni kwa Evelina, na ukigeuka nitakuchapa fimbo mbele za watu. Useme wewe, mama wa watu apate kulia.

Wahi kabla ya Jumapili. Sitaki kuliona tena lile shati.

Mkeo asiye na meno, anayekupenda hivyo hivyo,
Bibi Wilhelmina