Mwanaidi Aliyezaliwa Jumatano

Mpendwa Bibi Mwanaidi,

Ninadai, na dai hili nitalitetea mbele ya majirani zetu wote wa zamani, kwamba mtoto aliyezaliwa Jumatano isiyo na sikukuu yoyote ana haki kamili ya kuitwa Mwanaidi. Wewe ulikwisha kulikataa. Nilipokupigia simu kutoka hospitalini, nikitaraji vigelegele, uliniuliza, "Kwani leo Idi?" Nikasema si Idi. "Basi usimwandikie mtoto uongo. Jina ni habari, baba." Kisha ukatuombea dua ndefu, ukakata simu kabla sijajibu. Hiyo si haki katika mjadala. Ndiyo maana ninakujibu hapa, katika kikundi cha simu cha watu wa mtaa wetu wa zamani, Shauri Moyo, ambamo wewe, ingawa umehamia Malindi kwa binti yako, bado ndiwe mwenye maneno mengi kutushinda sote.

Kwanza upate habari kamili. Sikukutii. Karani wa hospitali alipokuja na karatasi ya taarifa ya kuzaliwa, nilimtajia jina lako kwa fahari. Akaonekana kulishangaa kwa mtoto wa mtu aitwaye Kamau kama mimi, nami nikamfafanulia: "Mwana, yaani mtoto. Idi, yaani sikukuu." Akaitikia kwa adabu, akaandika. Cheti kilipotoka kilisema: Mwana Idi Kamau. Umekatwa vipande viwili, Bibi, na jina la mama yangu, Wambui, lililopaswa kukaa katikati, limekosa nafasi na kuachwa nje.

Njeri, mke wangu, alikisoma mara mbili, kisha akamwinamia mtoto mapajani. "Mwanangu, baba yako amesoma mpaka chuo kikuu, akakutafsiri badala ya kukuandikisha." Mwenye duka wetu hapa Lucky Summer alichungulia naye, akamuuliza Njeri, "Na huyu Idi ni nani? Kamau anamjua?" Tangu siku hiyo, kila nikienda kununua maziwa ananiuliza kama Idi hajambo.

Ofisi ya usajili imekubali kurekebisha. Lipo ombi la kuunganisha jina lililokatwa na kuongeza lililosahaulika, nasi wazazi sote wawili tunatakiwa kutia sahihi. Afisa alituonya: "Mkubaliane nyumbani kwanza. Sitaki kuwaona hapa tena mkiwa na jina la tatu." Hapo Njeri akaweka kalamu chini. Anasema jina la mtu aliye hai haliibwi, na bila ridhaa yako hatatia sahihi. Kwa hiyo Jumatatu tutarudi ofisini na mojawapo ya mawili: ama Mwanaidi Wambui Kamau, ama Wambui Kamau peke yake, nawe usiwemo kabisa.

Sasa hoja. Unasema jina ni habari. Juma fundi wa baiskeli alizaliwa Jumamosi, na sijawahi kukusikia ukimwita Jumamosi. Paka wako uliyemwita Simba alimkimbia panya sote tukitazama. Mimi mwenyewe naishi Lucky Summer, mtaa uliopewa kwa Kiingereza jina la kiangazi chenye bahati, na hivi ninavyoandika tope limefika kizingitini. Hakuna aliyekwenda ofisini kuusahihisha mtaa.

Jina lako kwangu halijawahi kuwa siku. Lilikuwa mlango wa pili kutoka wetu, ambamo nilishinda tangu asubuhi mama akiwa katika soko la Gikomba akiuza nguo. Niliingia na Kiswahili changu cha kuokota uani. "Bibi, mahamri imebaki?"

"Imebaki nini?" uliniuliza, kijiko cha kuepulia mkononi.

"Mahamri."

"Mahamri yame..."

"Yamebaki."

"Unataka mangapi?"

"Mbili."

"Ukisema mawili, utakula mawili. Ukisema mbili, utakula moja."

Wenzangu chuoni walijifunza ngeli kwa vitabu. Mimi nilikwisha kujifunza kwa njaa. Na siku za Idi sahani zako za pilau zilibisha kila mlango, wa watu wa msikiti na wa watu wa kanisa. Mama hakuthubutu kukurudishia sahani tupu. Alikuletea mukimo wa viazi na mahindi ya kupondwa, ukamlaumu kwamba hauna chumvi, ukaumaliza wote.

Lakini hoja yangu nzito kuliko zote nimeipata wiki hii tu. Nilimpelekea mama kile cheti kibovu nikidhani atakasirika kwa kuachwa nje. Alicheka. "Mweke Bibi mbele," akasema. "Mimi nikae katikati, nimshike." Kisha akanisimulia jioni moja aliporudi kutoka sokoni miguu ikimuuma, nawe ukamwita kutoka mlangoni: "Wambui, njoo! Njoo uone, huyu leo anataka kutembea!" Ukaniweka sakafuni, nikamwendea mama hadi mikononi, mkapiga kelele mpaka majirani wakatoka nje.

"Ulikizunguka kigoda," mama akaniambia. "Mtoto anayetembea kwa mara ya kwanza hawezi kuzunguka kigoda. Bibi alikuwa amekuona ukitembea siku nyingi, akanyamaza ili siku hiyo iwe yangu."

Hajawahi kukwambia kwamba alijua. Sasa umejua.

Wewe, Bibi, unayekataza habari isiyo ya kweli, ulimpa mama yangu hatua zangu za kwanza ambazo hazikuwa za kwanza, na mpaka leo anazihesabu kuwa zake. Sikushtaki. Nataka binti yangu aitwe kwa jina la mtu aliyeweza kufanya hivyo. Siku aliyozaliwa ina nafasi yake katika cheti, pale palipoandikwa tarehe. Nafasi ya jina ni ya watu.

Amelala kifuani pangu nami ninaandika kwa kidole kimoja. Ana sauti kubwa na hakubali kukatizwa. Njeri anasema amenirithi mimi. Mimi ninamwona ndani yake mtu mwingine. Nina furaha nyingi, Bibi, na nina hamu ya kubishana nawe ana kwa ana, nikiwa nimekuletea huyu umpakate wakati ukinipinga. Shikamoo, na utuongezee dua, hata kama ni za kukatia simu.

Ila usinipigie kwa siri, wala usimtumie Njeri ujumbe wa pembeni ukidhani hatanionyesha. Jibu hapa hapa, kwa sauti yako, kabla ya Jumatatu: Juma asikie, mama asikie, na kila aliyewahi kula kwako asikie. Kama una hoja ya kuivunja yangu, ilete. Kama huna, mwite mtoto jina lake.

Mimi,
Baba Mwanaidi