Bahasha Mbili Zilizokosea Mlango

Chumba Na. 9, Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Posta.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hilo goti linaendeleaje? Na Bibi, anakula vizuri? Mimi mzima, na leo nasema hivyo bila kukudanganya, maana wiki iliyopita sikuwa mzima hata kidogo.

Unajua kazi yangu ni kupatanisha watu waliogombana, ingawa wewe huko unawaambia majirani mimi daktari. Sasa kulikuwa na ugomvi wa mafundi cherehani na mafundi wa kuchomelea vyuma, wanaotumia ua mmoja. Cheche zilitoboa gauni la harusi lililoanikwa kambani, basi washonaji wakataka wenzao wafukuzwe. Nilisikiliza kila upande peke yake, nikaapa maneno yao hayatatoka kwangu. Kisha nikayaandika, nikaupelekea kila upande ya kwake uyahakiki.

Shangazi, nilizichanganya bahasha! Hawa wakapata ya wale, wale ya hawa. Miaka yote ile ya kusomea sosholojia, halafu nashindwa kusoma jina juu ya bahasha!

Nilikwenda mwenyewe kumwambia mkuu wangu. Akasema niwaite wote, niwaombe radhi ana kwa ana, ndipo ataamua kama nibaki kazini. Siku mbili chakula hakikupita.

Jumatano wakaja ukumbini kwetu. Nikaomba radhi. Akasimama fundi cherehani mmoja, tunamwita Mama Sindano, mkali huyo usiombe. Nikajua nimekwisha.

Kumbe hata hanitazami. Akawageukia mafundi wa vyuma, ile karatasi ya maneno yao mkononi: "Kwa hiyo tukipita na nguo mnazima mashine ili cheche zisituharibie kazi? Sisi miaka yote tulidhani mnazima ili mtusengenye!"

Mkubwa wao akajikuna kichwa. "Tuwasengenye vipi, mama? Sisi tunawaogopa nyinyi."

Wee! Ukumbi mzima ulicheka. Sasa wanajenga pamoja ukuta wa mabati katikati ya ua, na Mama Sindano ndiye anayesimamia, maskini wao.

Mkuu alinipa barua ya onyo, nikaipokea kwa mikono miwili, nilistahili. Lakini kazi ninayo, Shangazi, ninayo! Nilikaa kwenye ngazi nikalia kwa furaha, mpaka mlinzi akaja kuniuliza nimefiwa na nani.

Nisalimie Bibi, na yule mdogo wangu mvivu wa kuandika. Mungu akulinde, akupe usingizi mtamu kama niliolala mimi Jumatano.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye sana.