Wastani wa Magoli ya Anaeli

Jumamosi, Moshono

Taya bado linauma. Nilimweleza Loshilu, nahodha wa timu ya Sakina, kwa upole kabisa: magoli yake ni mengi kwa sababu amecheza mechi nyingi. Ukigawanya magoli kwa mechi, mshambuliaji wetu Anaeli ndiye anayeongoza.

"Gawanya na hii, Mwalimu!" Akanipiga ngumi.

Anaeli aliruka kunitetea. Wenzake Loshilu wakamwangusha, wakampiga marungu mpaka polisi wa Bwana DC walipofika. Nilisikia mfupa wa mguu wake ukivunjika. Naogopa hatacheza tena, na hilo ni kosa langu.

Hospitalini aliniuliza huku analia, "Mwalimu, mechi nitakazokosa zitashusha wastani wangu?"

"Hapana. Tunagawanya kwa ulizocheza tu."

Akafuta machozi, akalala.