Habari za Nuru na Chemchemi Yetu

Kisangani, mtaa wa njia ya Kapalata
Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025

Mpendwa yaya Malika, dada yangu mkubwa,

Asalam aleikum. Kabla ya neno lolote: binti yako Nuru, uliyeniachia asome huku, ni mzima. Anakula, anatembea, na ninapokuandikia hapa juu ya meza ya cherehani namsikia nje akibishana na mke wangu Zaina kama pondu, ile mboga ya majani ya muhogo, imeiva au bado. Nimeanza na hilo kwa sababu najua unavyosoma barua, ukitafuta kwanza msiba.

U hali gani wewe? Magoti bado yanakusumbua? Shemeji Zuberi anapata samaki, au mto umejaa mno? Sisi tunamshukuru Mungu. Simu yako huko Barumbu haishiki kamwe, kwa hiyo namtuma Arsène, mwenye mashua ya mota, akufikishie karatasi hii mkononi.

Yaya, tangu uolewe huko mbali, mto unakoteremkia, sijazoea. Mvua ikianza bado natega sikio nikusikie ukipanga masufuria chini ya ukingo wa paa. Siku hizi Zaina ndiye anayeyapanga, na anayapanga vizuri, lakini siyo mlio ule.

Masufuria hayo tunayahitaji kuliko zamani. Bomba la uani limekauka. Ukilifungua linakohoa kidogo, kisha linanyamaza. Mtaa mzima umerudi kwenye chemchemi ya bondeni, pale ulipokuwa ukinitwika beseni na kunifuata nyuma ukiniambia nisikimbie. Usingepatambua. Nyumba zimeshuka mpaka karibu na maji. Kiwanja cha papa Landry, yule mzee seremala, kiko juu yake kabisa, na choo chake alikichimba kwenye mteremko. Sote tulikuwa tunakiona tukipita na bidoni zetu za maji. Hakuna aliyesema kitu.

Mwezi uliopita ilinyesha mvua kubwa. Maji ya chemchemi yalichafuka kidogo, yakatakata tena, nasi tukaendelea kuchota. Nuru alikuwa akienda na rafiki yake Exaucée, binti wa jirani yetu Philippe, yule mfanyabiashara wa Butembo anayeniuzia vitambaa. Walisoma darasa moja, na kicheko chao kilisikika kabla hawajafika.

Asubuhi moja Nuru alianza kuhara na kutapika. Kabla ya adhuhuri macho yake yalikuwa yamezama, na ngozi ya mkono ukiivuta ilibaki imesimama. Tulimpeleka kwa pikipiki, Zaina amemshika kwa nyuma. Kituo cha afya kilikuwa kimejaa. Exaucée alikuwa amekwisha kulazwa, na baba yake amekaa sakafuni miguuni pake.

Muuguzi alikuwa anatafuta mshipa wa Nuru huku akiniuliza, «Maji munakunywaka ya wapi?»

Nikamjibu, «Ya bondeni.»

Akasema bila kuinua kichwa, «Hawa wote, ya bondeni.»

Ilikuwa kipindupindu. Serumu, yale maji ya dawa ya mshipani, ilipomwingia na sauti ikamrudia, neno lake la kwanza kwangu mjomba wake lilikuwa, «Tonton, nataka mama.» Nilimshika mkono. Hata mimi, mtu mzima mwenye ndevu, saa ile nilikuwa nakutaka wewe.

Exaucée hakuamka. Tulimzika pamoja na watu wa parokia yake, na mama yake alishikwa na wanawake wawili njia nzima.

Baada ya matanga, tulimwona Philippe anapanda kwa papa Landry na beleshi begani. Yaya, tulidhani damu itamwagika. Vijana walikuwa wamekwisha kusema maneno ya kuchoma nyumba. Nilimfuata mbio, hata viatu sikuvaa. Papa Landry alikuwa amesimama mlangoni.

Philippe akamwambia, «Papa, sikukuja kugombana. Onyesha mahali pengine, mbali na maji. Tuchimbe choo kingine, hii tuifunge.»

Papa Landry akasema polepole, «Na mimi nilikuwa nakunywaka maji ile. Mutoto wako alikuwa ananisalimiaka kila siku.» Akavua shati, akaenda naye nyuma ya kiwanja, upande wa barabara. Nami nikaingia kuchimba, na wale vijana wakaja mmoja mmoja. Philippe hakuacha beleshi mpaka shimo lilipompita kichwa. Hakulia makaburini, yaya. Alilia mle ndani, na sisi tuliokuwa juu tukageuza nyuso.

Choo cha zamani kimetiwa chokaa na kufukiwa. Chemchemi tunaizungushia saruji, maji yatoke kwenye bomba la mpira na yasiguse udongo tena. Mpaka watu wa afya waje wayapime, tunachemsha kila tone na kutia dawa. Nakusihi, na nyinyi huko msinywe ya mto hivi hivi. Chemsheni, hata kama shemeji atasema babu zake waliyanywa.

Sasa neno la Nuru. Nilimwahidi kwamba akipona nitamrudisha kwako. Nilikuwa nimeshapata nafasi kwenye mashua ya Arsène. Juzi nilipomwambia afunge nguo zake, alifurahi, akaanza hata kuzikunja, halafu akasimama. Kila siku anapotoka shuleni hupitia kwa Philippe, huchukua ile bidoni ya rafiki yake, na kumjazia mama wa marehemu. Hakutumwa na mtu.

Akaniuliza, «Tonton, nikienda, nani atamuchotea mama Exaucée maji?»

Nguo bado ziko kitandani, nusu zimekunjwa. Mimi nimeshindwa kuamua. Wewe ndiye mama yake. Arsène atapumzika Barumbu kabla ya kupanda tena, mpe jibu lako. Lakini kama miguu inakuruhusu, yaya, usitume jibu. Panda wewe mwenyewe. Mtoto akuone, na mimi nikuone.

Zaina anakusalimu sana. Nisalimie shemeji Zuberi na mpwa wangu Fadhili, umwambie suruali yake ya shule nimeishona na Arsène anayo. Mungu awafunike kwa rehema yake, na kila kikombe mtakachokunywa kiwe cha uzima.

Mimi mdogo wako ninayekupenda na kukungoja,
Mahmoudi