Mbuni Uliochanua Kingsbury

Kingsbury, London
23 Oktoba 2005

Kwa ndugu yangu Valentine, Kamachumu,

Pokea salamu za mzee mwenzako ambaye bado anatembea kwa miguu yake mwenyewe na kutafuna kwa meno ya kununuliwa. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila baridi imeanza kunipigia hodi magotini. Angel mwanangu hajambo, na watoto wake hawajambo. Nawasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza, basi tunaishi kama redio mbili zilizowekwa meza moja. Na wewe je? Kibanja kinaendeleaje? Mgongo? Na hayo macho?

Restuta shemeji yangu, wewe unayemsomea, nakusalimu pia. Soma taratibu. Usiruke mistari kama ulivyokuwa unaruka mafumbo ya rozari ili uwahi jikoni. Na pale nitakapomtukana mumeo, usipunguze.

Ndugu yangu, barua yako ya Agosti niliipata. Umesema daktari amekuambia ile presha ya macho imekwisha kula jicho la kulia lote, na la kushoto linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, nalo halitafika Pasaka. Ukasema nije Desemba, nikae mbele yako kwenye mwanga, unitazame ushibe, kabla hujafungiwa. Ukaongeza kwamba hutaki kubaki na sura yangu ya mwisho uliyoiona stendi ya Bukoba, kwa sababu siku ile nilikuwa nalia mpaka makamasi. Mimi nasema ilikuwa vumbi. Lakini sawa.

Nilimpa Angel barua ile akaisoma, akainuka, akaenda kunikatia tiketi ya Desemba. Tangu siku hiyo nilikuwa siishi hapa. Mwili ulikuwa unapita Kingsbury Road kwa Wahindi kununua ndizi mbichi, roho iko kwako inapanda kile kilima cha kanisani ikihema. Huku watu wanakupita bila kukuangalia usoni, Valentine. Miaka sita sasa. Unaweza kwenda toka nyumbani mpaka stesheni na kurudi, na hakuna hata mmoja aliyekuuliza umelalaje. Mwanzoni nilikuwa nawasalimu wote. Mama mmoja alibana mkoba wake kwapani akavuka barabara. Nikajua hapa hata salamu inaitiwa polisi.

Sasa nikupe habari za mti, maana najua unazingoja kuliko habari zangu. Unakumbuka zile buni mbichi ulizonitilia kwenye soksi, ukaniambia nikifika nizitie udongoni ili nisiwe peke yangu? Nyingine zote zilioza. Moja ikaota. Niliipanda kwenye debe la samli alilonipa Chandrakant wa dukani, nikaiweka dirishani. Lakini jua la hapa, ndugu yangu, ni kama padri wa kigango, linakuja mara moja kwa mwezi na likija lina haraka. Mche ukabaki na majani manne, ya njano kama wa hospitali.

Ndipo nikasema nitaununulia jua. Kuna taa hapa wanaziita enaji seva, zile nyeupe zilizojisokota kama mkia wa nguruwe, ambazo hazili umeme mwingi wala haziunguzi mkono. Nikatoa makoti yangu kwenye kabati, nikauingiza mbuni wangu humo, nikatundika taa moja juu kabisa, katikati, kama taa ya sakramenti. Nikakaa kitini kungoja kahawa. Miezi ikapita. Mche ukarefuka, ukawa mwembamba, shingo tupu, majani machache huko kileleni. Ulifanana na Padri Deogratias, Mungu amrehemu.

Aliyeniokoa ni jirani yangu wa ghorofa ya juu, Tarsem, Kalasinga aliyezaliwa Nakuru. Huyu ni dereva mstaafu wa mabasi, mzee kama sisi, miguu yake imevimba mishipa kama mizizi ya mvule. Kiswahili chake ni cha gereji lakini kina afya. Siku ya kwanza kunisikia nikigombana na lifti kwa Kiswahili alisimama akacheka, akaniuliza mimi ni mtu wa wapi. Toka siku hiyo hajapitisha siku bila kushuka kwangu kunywa chai na kunitukana.

Alipofungua kabati akashika kiuno. Akaniuliza nani alinidanganya kwamba taa ni jua. Akasema jua liko mbali lakini lina nguvu, bali taa hii ni kama tajiri mchoyo, usipomkaribia mpaka magoti yenu yagusane hakupi kitu. Basi akaishusha. Akaweka kiganja chake kati ya taa na jani, akasema nafasi ni hiyo, mkono ukisikia joto la kuudhi unaisogeza nyuma, usiposikia chochote unaikaribisha. Akasema tena taa moja juu ni upumbavu wa serikali, zinatakiwa nyingi ndogo, na zilale ubavu, kwa sababu mwanga wake unatoka mbavuni, hautoki kichwani. Tukazizungusha huku na huku, nyingine chini kwa yale majani yaliyokuwa yanakaa gizani. Kuta za kabati tukazibandika karatasi ya fedha ya kufungia kuku. Kila mti uliporefuka, tulipandisha taa. Wazee wawili, mmoja kilemba, mmoja kipara, vichwa vyote ndani ya kabati kama tunachungulia bafu la wanawake.

Nilimuuliza ujuzi huu kaupata wapi. Akajikuna ndevu. Kumbe huko kwake alikuwa na kabati pia, na humo hakuotesha kahawa. Alikuwa na miche ya bangi, ya kujitulizia maumivu ya miguu usiku. Usishtuke, Restuta, endelea kusoma. Ni majani yale yale aliyokuwa akivuta baba mkubwa wa mumeo nyuma ya kanisa, akisema anafukuza nyuki. Mwaka jana Tarsem alikamatwa nayo, hakimu akamwonya kwamba akirudia ataingia ndani. Akaacha. Lakini miguu haikuacha. Mwezi wa sita akaja na vyungu viwili chini ya blanketi, akaniomba avipumzishe kwenye mwanga wangu, maana kwake wanaweza kuja kukagua. Nikamwambia kabati ni kubwa. Basi wakakaa humo watatu, mbuni wako katikati, na wale wawili pembeni wakitoa harufu kama beberu.

Septemba nikaugua mafua ya huku, yale yanayokulaza kama gunia. Nikakaa kitandani, mti nikausahau, udongo ukakauka ukapasuka. Tarsem alikuwa anashuka na miguu yake ile ngazi kwa ngazi, kwa sababu lifti imekufa, analeta supu ya dengu, ananilisha kwa kijiko huku ananiambia nimekaa kama mtoto mbaya. Siku moja akaona mti umenyong'onyea, akaumwagia ndoo nzima. Wewe mkulima umekwisha kujua nini kilifuata. Kiangazi, halafu mvua! Baada ya siku chache niliamka nikasikia harufu.

Valentine, sijui nikuambieje. Nilidhani nimekufa na kwamba peponi ni Kamachumu. Nilitambaa mpaka kwenye kabati nikafungua. Matawi yote yalikuwa meupe, maua yamejipanga mistari mistari kama yale yetu, na harufu ikanipiga kifuani nikakaa chini, hapo hapo, na pajama. Nilimwona mama akipita chini ya migomba na mtungi. Nilisikia nyuki, na nyuki hapa hawako. Nilikuona wewe, kijana, umevaa kaptula iliyotoboka, siku ile tulipochanjiana chini ya kitovu tuwe ndugu wa damu, tukagawana buni mbili za tunda moja zenye damu, ukameza yako bila kukunja uso, mimi ikanikwama kooni ukanipiga mgongo. Niliita jina lako kwa sauti. Angel akaja mbio akidhani nimeanguka. Naye alipoinusa, yeye aliyeondoka huko msichana, akakaa chini karibu yangu.

Sasa cheka. Maua yalianguka, nikaanza kungoja matunda. Nikachungulia kila asubuhi kama mama mkwe. Hakuna. Hata moja. Nikamlaumu Tarsem kwa ndoo yake. Halafu kanisani Njenga, Mkikuyu aliyekuwa bwana shamba, akaniambia kwamba kahawa yetu ya kwetu haijioi yenyewe. Mti mmoja peke yake utachanua mpaka kiama, hautazaa, unataka chavua ya mti mwingine. Nimezaliwa ndani ya kahawa, nimekulia ndani ya kahawa, nimesomeshwa darasa la nne kwa kahawa, na sikulijua hilo! Wewe ulilijua? Tungelijuaje? Huko kwetu nani aliwahi kuwa na mbuni mmoja? Ukipanda wako, wa jirani upo hapo, na wa jirani yake. Hakuna aliyepata nafasi ya kuuona ukiwa peke yake.

Ndugu yangu, nimekuzungusha sana. Kuna jambo la siku ile ya maua nililoliruka, nami sikutaka kulisema kwa simu huku sauti inakatika na Restuta anapiga kelele "haloo, haloo". Alasiri ya siku ile ile, tukiwa mimi na Tarsem tumekaa mbele ya kabati tunanusa, polisi wawili waligonga mlango. Kuna mtu alikuwa ameona dirisha langu linang'aa kwa taa za kabati mchana na usiku, na huku mwanga wa namna hiyo ni dalili ya bangi. Waliingia kwa adabu, wakavua kofia. Mmoja, mwanamke kijana, alifunga macho akavuta ile harufu, akasema hajawahi kunusa kitu kizuri namna hiyo. Mwenzake akaona vile vyungu viwili. Akauliza ni vya nani.

Tarsem akainuka. Akawa wa rangi ya majivu, mdomo umefunguka. Na mimi, Valentine, kabla sijafikiri, nikasema kwa Kiingereza changu kwamba vyote ni vyangu, mume na wake zake wawili. Tarsem akaanza kubisha. Nikamgeukia kwa Kiswahili, nikamwambia funga mdomo, Kalasinga, la sivyo nitawaambia hata kilemba hicho ni changu. Akakaa. Akalia kwenye kilemba chake.

Nilifikiri watanigombeza waende. Mzee mwenye pajama, mafua hayajaisha, watamfanya nini? Walinichukua mpaka kituoni, wakanipa chai, wakanipaka wino vidole. Vyungu wakavibeba, na taa wakazibeba. Mbuni waliuacha. Na pasipoti yangu wameishika, Valentine. Nitasimama mahakamani mwezi wa Aprili, na mpaka hapo siruhusiwi kutoka nchi hii. Pasaka mwakani inaangukia Aprili.

Sitafika Desemba.

Angel amerudisha tiketi. Hasemi na mimi, anaamini baba yake ni mvuta bangi, nami namwacha aamini, kwa sababu akijua ukweli atausema, yeye hajui kuficha. Ninyi wawili tu ndio mnajua. Restuta, nakuomba, lisitoke hapo mezani hata kwa katekista.

Najua utaniuliza kwa nini nilimfanyia hivyo mtu ambaye sikuchanjiana naye, nikakunyima wewe niliyekula damu yako. Nimejiuliza sana. Yeye angeingia ndani na miguu ile. Alinilisha kwa kijiko. Hayo ni majibu, na ni ya kweli. Lakini ukiniuliza kama ningejua kuhusu pasipoti ningesema vile vile, sikudanganyi: sijui. Kuna asubuhi nasema ndiyo. Kuna asubuhi namsikia akishuka ngazi na natamani kumsukuma.

Ndani ya bahasha hii kuna picha. Amenipiga Tarsem, nimekaa dirishani, nimemwambia asogee karibu mpaka uso ujae. Usiiweke kwenye albamu, usingoje Krismasi. Leo, saa nne asubuhi, jua likiwa zuri, toka nje uishike karibu na jicho la kushoto, ipitishe pole pole kwenye hilo tundu lako, kipande kwa kipande. Anza na kipara, kitakuchukua muda. Kuna kovu jipya juu ya nyusi, nilianguka kwenye barafu. Mashavu yameingia ndani. Macho ni yale yale. Hapo kwenye macho kaa kidogo, nilikuwa nakutazama wewe.

Na nikija, maana nitakuja, wakinifunga nitakuja baadaye, usijifanye unaona ili nisihuzunike. Nakujua. Nitakaa mbele yako kimya, nawe unipapase uso mpaka utosheke, hata kama majirani watacheka.

Wasalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia wasalimie zaidi. Tarsem anakusalimu, anasema samahani, anasema atakuja nami ili umpige mwenyewe. Mungu akutunzie hicho kidogo kilichobaki.

Ni mimi ndugu yako,
Faustine